Mpuliza Pembe wa Kwenye Kitambaa

Nyumbani kwa mjukuu wangu Neema, hapa Makambako, kuna televisheni pana kama mlango wa ghala. Tamthilia ikiisha, kabla ya matangazo, hutokea kitu kidogo sana: ndege mweupe anakunjua bawa moja, chini yake yanatokea maandishi ya kampuni iliyotengeneza mchezo, kisha anapotea. Hakai hata kiasi cha kumeza tonge. Watoto hawamngoji, mkono umeshafika kwenye rimoti. Mimi nasema mwacheni amalize. Wananicheka, wanasema bibi anapenda nembo kuliko mchezo wenyewe. Na ni kweli. Mchezo nausahau kabla sijalala, lakini ndege yule namwonea huruma, maana nilimjua mtu aliyekuwa na kazi kama yake.

Mtu huyo sitamtaja jina. Anayenijua atashangaa, kwa sababu mimi sikusoma sana, niliishia darasa la pili kule Kifanya, lakini majina sijapoteza hata moja. Niulize nani alikaa nami benchi moja: Tabitha Mlowe na Yusta Mgaya, na Yusta alikuwa na kovu la moto kwenye kiwiko. Niulize dereva wa lori la magome ya miti ya miwati lililonileta huku kuolewa: Athumani, mtu wa pwani, baridi ya Njombe ilimliza machozi kama mtoto. Wote ninao. Ila huyu mmoja alikuwa baba wa mume wangu, na kwa desturi niliyolelewa nayo, mke hatamki jina la baba mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Amekufa siku nyingi na mimi nipo njiani kumfuata, lakini ulimi haukubali. Jina lake lilifanana na jina la chombo fulani cha jikoni kwa Kibena, na hadi leo chombo hicho nakiita kile cha kukorogea. Wajukuu nao wanakiita hivyo hivyo, wanadhani ndilo jina lake.

Basi hapa ataitwa Mpuliza Pembe, kama alivyoitwa na kila mtu kijijini Mahongole.

Mimi nilimwona usoni kabla sijakatazwa kumwona. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami ni msichana, nyonga bado hazijajaa kitenge. Gari la sinema lilipita vijijini baada ya mvua, njia zikikauka. Lilipofika Kifanya walisimamisha miti miwili uwanjani wakafunga kitambaa cheupe, na giza lilipoanza kuingia wanaume wakakaa mbele ya kitambaa, sisi wanawake na watoto tukakaa nyuma yake. Hakuna aliyeona ni kuonewa. Picha inapenya kitambaa, inaonekana pande zote mbili. Ya nyuma imegeuka na kufifia kidogo, kama kitu unachokiona ndani ya maji ya kisima.

Kabla ya sinema yoyote, kwanza alitokea mtu. Amesimama peke yake juu ya kilima, blanketi begani, nyuma yake mawingu yanatembea. Anageuza uso polepole, anatutazama sisi, kila mmoja wetu, anainua pembe ndefu ya tandala mdomoni, mashavu yanajaa, na hapo tarumbeta inalia. Kisha yanakuja maandishi, kisha hayupo. Ndiyo ilikuwa alama ya kampuni iliyotengeneza sinema zile. Zilikuwa fupi fupi: namna ya kulima matuta ili mvua isibebe udongo, namna ya kumwosha mtoto mchanga, ng'ombe wa Wazungu wenye viwele kama mitungi. Kila moja ilipoanza, yule mtu alirudi kilimani, akageuza uso, akapuliza, akapotea. Matuta siyakumbuki. Mtoto alioshwa vipi, sijui. Lakini nilipolala nilimwota yule mtu yupo ndani ya ukungu, ananiita kwa pembe isiyolia, nami napanda kilima na kilima kinarudi nyuma. Nikaamka miguu ina baridi kama niliyetembea kwenye umande. Ndoto hiyo ilinirudia miaka mitatu, na sikumwambia mtu, hata Tabitha.

Nikaja kuolewa na Yeremia, huku Mahongole. Siku ya kwanza kuingia nyumbani kwao nimefunikwa khanga, naona miguu tu. Miguu ya baba mkwe ilikuwa mikubwa, kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Jioni nikiinua macho kutafuta mahali pa kutundika ungo, nikaona juu ya mlango pembe ya tandala, imefungwa kamba ya ngozi, mdomo wake umemeguka kidogo upande mmoja. Ile ya kwenye kitambaa nayo ilimeguka hapo hapo.

Lakini sikuamini. Mikono niliruhusiwa kuitazama, na mikono ya baba mkwe ilishika pembe kwa kushoto. Yule wa kwenye kitambaa alishika kwa kulia, nilikuwa tayari kuapa. Nikamuuliza wifi yangu Rahabu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Rahabu akacheka hadi akakaa chini. Akachukua khanga yangu, akaitandaza juani, akaniambia soma. Nikasoma kwa taabu yangu ile ya darasa la pili. Akanizungusha upande wa nyuma akaniambia soma tena. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, zinakwenda kinyume.

"Sisi wanawake tunamwona baba kwa mgongo wa kitambaa," akasema. "Hapa kwetu wanaume na wake zao wamegombana mwaka mzima, huyu anasema kushoto, huyu anasema kulia. Mama Mligo alirudi kwao siku tatu kwa ajili ya mkono wa baba yetu."

Ndivyo nilivyojua kwamba mtu niliyemwota miaka mitatu sasa ninampikia ugali, na kwamba sitamwona tena uso isipokuwa gari la sinema likija.

Namna tulivyosema naye ilikuwa hivi. Kati ya jiko na baraza palikuwa na ukuta wa udongo. Mimi nasimama upande wa jiko, yeye yupo upande wa baraza, na ukuta ndio unapelekewa salamu. Asubuhi nasema, "Ukuta, kamwene. Mwambie baba uji upo." Naye anajibu, "Ukuta, kamwene. Mwambie aliyepika kwamba jana chumvi ilikwenda safari." Alikuwa na sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Mtu mwenye pembe inayosikika hadi ng'ambo ya bonde, akiomba maji ilibidi utege sikio. Nadhani pumzi yote aliiweka akiba.

Pembe ile ilikuwa na kazi tatu. Kuita watu ibadani alfajiri, mlio mmoja mrefu. Msiba, milio miwili yenye pengo katikati. Moto, mfululizo hadi watu wafike na ndoo na matawi mabichi ya kupigia. Hakuna kazi ya nne. Ikilia, hakuna aliyebaki ameketi. Hata mgonjwa alijiinua kwa kiwiko.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kanisa sana. Alituita sote ibadani, halafu yeye akarudi kulala. Mzee Zakaria Kiswaga, mzee wa kanisa, alimjia juu kwa ajili ya hilo mbele ya watu. Mpuliza Pembe akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, "Zakaria, mlango unaingiza watu wote. Umewahi kuona mlango umekaa kitini?" Watu walicheka, Zakaria hakucheka. Tangu siku hiyo walisalimiana vizuri na kuangaliana vibaya.

Wala usidhani alikuwa mkweli. Kwa mdomo alikuwa mwongo wa kupindukia. Alisema aliwahi kulala pango moja na chui wakati wa mvua, na asubuhi chui akamwachia nafasi ya kupita kwanza kwa sababu ya umri. Alisema baridi ya Makete iligandisha maneno yake hewani, akarudi kuyaokota jua lilipotoka. Yeremia akimwambia, baba, mambo hayo yatakupeleka pabaya, yeye anasema, "Mdomo ni wangu. Pembe ni ya watu." Na kweli, kwa pembe hakuwa na mchezo hata chembe. Rahabu alipokuwa mtoto aliishusha siku moja akaipuliza kwa utundu, na kilima kizima kikaja mbio na ndoo. Hakumchapa. Alimshika mkono akampeleka nyumba kwa nyumba, nyumba zote, hodi baada ya hodi, aseme mwenyewe: mlikuja bure, naomba radhi. Iliwachukua kutwa nzima na kesho yake. Rahabu alisema afadhali angechapwa.

Ndiyo maana habari ya kilimani ilimuuma, na nisipoieleza hii hutamwelewa. Mimi niliisikia nikiwa jikoni, akimsimulia Yeremia barazani kwa mara ambayo huenda ilikuwa ya ishirini.

Mzungu mmoja alikuja na mashine ya miguu mitatu, akamkuta akitoka kuita watu msibani. Akaipenda ile sura na ile pembe. Akamwomba kupitia mkalimani apande kilima kile kinachotazama njia panda ya Makambako, asimame, ageuze uso, apulize. Baba mkwe akauliza, kuna moto? Hakuna. Kuna aliyekufa? Hakuna. Basi sipulizi. Wakabishana hadi jua likawa kichwani. Mwishowe mkalimani akasema, mzee, hutapuliza. Mashine hii ina macho, haina masikio. Jaza mashavu tu. Akaona hilo si kosa, maana pembe isiyolia haimwiti mtu. Akajaza mashavu.

"Nikaimeza ile pumzi," alimwambia Yeremia. "Mpaka leo ipo hapa." Naye alijigusa chini ya mbavu, mkono niliuona kivulini.

Walimpa blanketi na mfuko wa chumvi, wakaondoka. Hakujua kwamba wataweka tarumbeta juu ya mashavu yake. Hakujua kwamba atapelekwa Iringa, Songea, Tabora, hadi mahali pasipo na jina kwake, kuita watu. Alipokuja kusikia hayo kwa wenye malori wa njia panda, alishika tama. Mdomo wake, sauti ya mtu mwingine, na watu wanaitwa kila siku pasipo msiba, pasipo ibada, pasipo moto.

"Rahabu alipita kilima kimoja," akasema. "Mimi nina Tanganyika nzima. Nitapiga hodi nyumba ngapi?"

Yeremia alidhani ni utani wa yule chui na pango. Haukuwa utani.

Na mwenyewe hajawahi kujiona. Mzee Zakaria alikwishasema mbele ya wazee wenzake kwamba, kwa maoni yake, anayeita watu ibadani asikanyage kwenye kitambaa, achague. Yeye akachagua pembe. Kwa hiyo sinema ilipokuja njia panda, sisi sote tulikwenda, yeye akabaki nyumbani na kuku. Wengine walisema anamwogopa Zakaria. Mimi naona alijiogopa mwenyewe, yule wa kilimani.

Mara ya kwanza niliporudi kutoka sinema nikiwa mke wa nyumba ile, nilikuta bado yupo barazani, mbele ya makaa. Nikapita jikoni. Ukuta ukaanza.

"Ukuta, muulize aliyetoka huko: nilipopuliza, watu walisimama?"

Nilikuwa mdogo, nikadhani ukweli ndio heshima. Nikasema, "Ukuta, mwambie baba hapana. Walikaa. Wengine walikuwa bado wanagombania magogo ya kukalia."

Kesho yake uji ulirudi haukuguswa, na keshokutwa. Mama mkwe wangu, Yunisi binti Msigwa, mwanamke mpole kuliko maziwa, alikuja akanishika bega akaniuliza nilimwambia nini mume wake. Nilipomweleza, akasema, mwanangu, huyo alikuwa anakuuliza kama yeye bado ni mtu.

Nilitamani kulirudisha neno lile, lakini utamwambia ukuta nini.

Nilichokuwa nacho ni kile kitambaa tu. Gari likija, mimi nilikaa karibu kuliko wanawake wote, shingo juu, na alipogeuza uso nilimtazama kwa macho yangu yote mawili, kwa sababu pale hapakuwa na desturi iliyonikataza. Alikuwa na paji pana. Jicho moja lilifinyana kidogo kuliko jingine. Kabla ya kuinua pembe alifungua midomo kama anayetaka kusema neno, akaacha. Neno hilo nimelifikiria sana maishani mwangu. Nilijua sura yake kwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kimegeuzwa, kulia kwake ni kushoto. Halafu nikirudi nyumbani nampikia mtu mwenye miguu na mikono na sauti, asiye na uso. Ilikuwa kama ninao baba wakwe wawili, mmoja wa juu ya kilima na mmoja wa nyuma ya ukuta, na kazi yangu ni kutembea kati yao.

Kisha pembe ikastaafishwa. Lori moja liliharibika pale njia panda, likakatwa vipande, na rimu yake ikanunuliwa kwa ajili ya kanisa. Wakaitundika kwenye mti. Mtu yeyote mwenye nondo aliweza kuigonga. Mzee Zakaria aliigonga mwenyewe Jumapili ya kwanza, ngaa ngaa ngaa, na Mpuliza Pembe akasikiliza akiwa kitandani, kama kawaida yake. "Ukuta," akasema asubuhi, "mwambie aliyepika kwamba leo nimeitwa na gari bovu." Akacheka peke yake. Lakini pembe aliitundika juu ya mlango, na kwa bahati njema au mbaya, miaka miwili iliyofuata hapakuwa na moto, na waliokufa walikufa mchana, habari ikatembea kwa miguu. Vumbi likajaa ndani ya pembe. Buibui akaziba ule mdomo. Mimi nilimfuta kila Jumamosi, naye alijenga tena.

Macho ya baba mkwe nayo yalianza kuingia ukungu. Alikuwa akishika sahani kwa kuipapasa kwanza ukingo.

Mwaka uliofuata, Uhuru ukiwa unanukia, gari la sinema likaja njia panda. Mkalimani wake alikuwa Sanga, mtu wa Makete, mwenye mzaha ambao ungemchekesha maiti. Yeye ndiye alikuwa akitafsiri maneno ya Wazungu kwa Kiswahili, akichomeka Kibena chetu, Kikinga chake na uongo wake. Alipita nyumbani kunywa ulanzi wa mianzi, akamwambia baba mkwe, kama mtu anayepita tu, kwamba hii ndiyo safari ya mwisho ya uso wake. Alama imebadilishwa. Sinema zijazo zitaanza na tufe linalozunguka.

"Nami watanipeleka wapi?" baba mkwe akauliza.

"Watakuweka kwenye kopo, mzee. Wafunike."

Jioni ile aliteremsha pembe, akampuliza buibui nje, akavaa blanketi lile lile la Mzungu, lililokwisha nyuzi, akamwambia Yeremia amshike mkono. Mimi nikafuata nyuma hatua nyingi, mtoto wangu Lusungu mgongoni. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kwenye miwati na miguu yetu haikusikika, kama tunatembea kwenye sufu.

Yeye alikaa mbele na wanaume. Mimi nilizunguka nyuma ya kitambaa, mahali pangu.

Usiku ule spika ilikufa. Sanga akaipiga teke, akaibembeleza, ikagoma. Akasema sinema itaonyeshwa bubu, maneno yote atayasema yeye, na hakuna atakayejua tofauti. Taa ikawaka. Baba mkwe akatokea juu ya kilima, mawingu nyuma yake, akageuza uso, akapuliza, kimya kabisa, hata tarumbeta hakuna. Yeremia alinieleza baadaye alichofanya mzee. Alinyoosha shingo, akauliza polepole, "Huyo ni marehemu baba yangu. Nani alimpeleka huko juu?" Ilibidi aambiwe kwamba ni yeye.

Sinema ya pili, alipotokea tena, mzee alisimama akasogea mbele ili aone vizuri. Watu wakapiga kelele, mzee kaa, unatuzibia. Mtu mmoja, Filipo Nyagawa, akasema, "Si unajiona kila siku nyumbani?" Wakacheka. Mzee hakurudi nyuma. Alibaki pale pale karibu na kitambaa, anangoja, na Sanga akahubiri juu ya kumwosha mtoto hadi mwisho.

Ya tatu. Mimi niliona kwa upande wangu, nitasema nilivyoona. Kilima kikatokea. Mawingu yakatembea. Na kabla uso haujageuka, kivuli kikaingia ndani ya picha kutoka chini, kivuli cha mtu mwenye blanketi, kikasimama juu ya kilima kile kile, kikainua pembe. Yule wa picha naye akainua yake. Nikaona pembe mbili zikawa moja. Mashavu yakajaa.

Na pembe ikalia.

Ulikuwa mlio mmoja, lakini sijawahi kusikia mlio mrefu namna ile. Ilikuwa pumzi ya miaka yote. Picha ilikwisha, maandishi yakaja yakaondoka, ng'ombe wa Wazungu wakaanza kukamuliwa, na mlio bado upo, unapita juu ya njia panda, unaingia kwenye miwati, unateremka bondeni. Nilijikuta nimesimama. Wanawake wote nyuma ya kitambaa walikuwa wamesimama. Kupitia kitambaa niliona vivuli vya wanaume, wote wima, hakuna aliyebaki kwenye gogo. Lusungu mgongoni aliacha kunyonya kidole.

Kisha tukasikia miguu. Walikuwa wale ambao hawakuja sinema, watu wa ibada na wazee na wenye wagonjwa. Ibada ilikuwa na rimu yake, kwa hiyo pembe kama imelia, ni mtu amekufa au kuna moto. Walikuja na ndoo, na matawi, Mama Mligo na mkeka wa kumlazia maiti. Mbele yao wote Mzee Zakaria, amebeba debe, nusu ya maji imeshamwagikia miguuni, anahema.

"Moto uko wapi?"

Nilishikilia mti wa kitambaa. Nilijua atakachosema baba mkwe. Atasema mmekuja bure, na kesho atatoka na fimbo yake na macho yale, ataanza nyumba ya kwanza.

"Hakuna moto, Zakaria," akasema. "Wala hamkuja bure. Nilikuwa nimewaita siku nyingi. Kaa."

Zakaria akatazama watu, akatazama kitambaa, ng'ombe anakamuliwa mkubwa kama kanisa. Akamwaga maji yaliyobaki, akageuza debe, akalikalia. Hakuinuka hadi mwisho, na kesho yake aliulizia ng'ombe wale wanapatikana wapi.

Sinema ilipokwisha watu wakatawanyika, na Sanga akaanza kufungua kamba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikimfunga mtoto vizuri. Kitambaa kikaanguka chote kwa mara moja, kikalala chini kama ukungu uliochoka, na upande wa pili, hatua tatu kutoka kwangu, kwenye mwanga wa taa ya gari, alikuwa amesimama baba mkwe. Hapakuwa na ukuta. Nikainamisha kichwa haraka, nikaona miguu.

"Mama Lusungu," akasema.

Hajawahi kuniita.

"Wewe ulikuwa upande ule. Niambie wewe. Ile sauti ilitoka kwa nani, kwangu au kwa yule?"

Nikainua macho. Uso ulikuwa umezeeka kuliko wa kitambaani, mashavu yamelegea, jino moja la mbele halipo, na midomo imevimba kidogo kwa kupuliza baada ya muda mrefu. Jicho lile lililofinyana lilikuwa upande mwingine, upande wake wa kweli. Na midomo ilifunguka vile vile, kama ya mtu aliyetaka kusema neno. Alikuwa ananitazama bila kuniona sawasawa, na anangoja, kama alivyongoja siku ile nilipomjibu vibaya.

"Kwa yule, baba," nikasema.

"Una hakika?"

"Niliona mashavu yake."

Akavuta pumzi, akaitoa yote. Akanipa pembe nimbebee.

"Basi safari hii ameita kweli. Sina haja ya kupiga hodi," akasema, akamtafuta Yeremia kwa mkono, akatangulia.

Mdomo wa pembe ulikuwa bado na joto. Nikaishika kwa mikono miwili, nikamfuata nyuma hatua nyingi, macho chini, kama inavyotakiwa.